Kuku Asiyerudishwa

Wifi yangu Hildegardi nilimbatiza mimi. Sisemi ubatizo wa padri, huo alikuja nao kutoka kwao Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi nilimpa jina la pili, Mama Supu, na jina hilo likashika kuliko la kanisani. Watoto wa shule walimwita hivyo, wauza chumvi gulioni walimwita hivyo, hata fundi cherehani alimwandika hivyo kwenye daftari lake la vipimo. Miaka kumi na minne! Leo nikikumbuka natamani kujipiga kofi, lakini kofi la kujipiga mwenyewe haliumi, basi nasimulia.

Kaka yangu Wendelini aliteremka ziwani na gunia la maharage kubadilisha na samaki, akapanda huku Mkumbi na kapu la samaki wakavu na mke. Mama yetu alitazama kapu kwanza, halafu mke. Mke mwenyewe alikuwa mrefu, mwendo wake wa haraka, na sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka mtumbwi hadi nchi kavu. Ukimsalimia akiwa jikoni, majirani watatu wanaitikia. Mimi Tadea, dada wa mume, nilimwangalia nikasema moyoni, huyu tutaonana naye.

Cha kwanza kumshinda kilikuwa ngolo. Sisi Wamatengo mashamba yetu yamelala milimani, ukilima ovyo mvua inabeba udongo wote inaupeleka kwa jirani. Kwa hiyo mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga chini kwa miraba, kisha mwanamke anakuja na jembe, anachimba shimo katikati ya kila mraba na kwa udongo ule anafukia nyasi. Mlima mzima unabaki mashimo, maji yanatulia humo. Hildegardi alipopewa jembe akainua matuta ya muhogo kama ya kwao. Niliketi chini nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mimi ndiye niliyemfundisha, na haki ya Mungu, nilimfundisha huku nikimcheka. Mwaka wa tatu alikuwa ananipita kwa safu mbili kabla ya jua kuwa kali, lakini hilo sikumwambia mtu.

Sasa huyo kuku.

Kigangoni kwetu kila kukiwa na changizo kuna mnada. Mtu analeta alichonacho, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku. Mnadi anakinadi, na mwenye kutaja kikubwa anakipata. Asiye na fedha anataja siku za jembe, atakuja kulima shamba la kanisa. Sasa ukishakipata, hukichukui. Unasimama, unasema, "Narudisha!" Watu wanakupigia makofi, kitu kinarudi mezani, kinanadiwa upya. Kuku mmoja anaweza kununuliwa mara nane, na wa mwisho ndiye anayeondoka naye. Hakuna aliyeandika sheria hii mahali. Tumezaliwa tumeikuta.

Hildegardi hakuzaliwa nayo. Mwaka wake wa kwanza, kwenye mavuno, alitaja bei, akalipa, akamshika kuku miguu akaenda zake nyumbani. Mzee Urbani, mnadi wetu na mwenyekiti wa kigango, alibaki ameinua mkono kumpokea kuku asiyemwona. Kanisa zima lilipigwa butwaa. Jioni ile nyumba ya Wendelini ilinukia supu mpaka barabarani. Jumatatu, kisimani, nikasema, "Mmemsikia Mama Supu?" Basi. Mdomo wangu huo.

Jina likageuka tabia. Mtu akitaka kumsema mchoyo alisema, ana mkono wa Mama Supu. Naye Hildegardi hakujitetea. Alicheka na wenzake, akaendelea kuuza samaki wake gulioni na kuongeza mmoja kwa kila mwenye mtoto mgongoni. Wale waliopokea nyongeza ndio walioimba jina lake wakirudi nyumbani. Wendelini alipofariki, miaka kumi baadaye, nilidhani atarudi kwao ziwani, maana hawakujaliwa mtoto na hapakuwa na cha kumshika. Hakurudi. Alisema kaburi la mumewe liko huku na mikahawa yake iko huku, atamwachia nani.

Mwaka wa tisini na sita ndio mambo yalipofika hapa ninapotaka kukufikisha. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, ghala lake lina kufuli lenye kutu, na wanunuzi binafsi walikuwa wanapanda milima na pikapu zao, kila mmoja na mizani yake. Maduka yalijaa vitu. Mitumba ilimwagwa chini gulioni, vijana wakavaa makoti ya watu waliokuwa wanene kuliko wao. Waliokuwa na kahawa nyingi waliezeka bati. Na huku bati zikiwaka, nyumba nyingine zilikuwa zinafungwa, kwa ule ugonjwa uliokuwa unachukua mume, halafu mke, halafu watoto wanabaki wamekaa kizingitini. Ndipo kigango kikaanzisha Kamati ya Watoto. Tulichanga sare, madaftari na mablanketi, tukatenga shamba la kuwalishia watoto, na tuliwatafutia nyumba za kulelewa. Mimi nilikuwa mjumbe. Mtu mwenye mdomo hakosi kuwekwa kwenye kamati.

Mwaka ule tulikuwa na watoto wanne. Watatu walipata ndugu. Wa nne, Beata, alikuwa na miaka tisa, mama yake alizikwa wakati wa Kwaresima, na bibi yake kule Kitura hakuwa anaona tena. Alikuwa analala kwa katekista, mwenye watoto saba wa kwake kwenye vyumba viwili. Alihamia pale na gauni mbili na kuku mmoja wa madoadoa, aliyekuwa wa marehemu mama yake.

Siku moja Hildegardi aliingia jikoni kwangu bila hata kupiga hodi.

"Wifi, namtaka yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Usijifanye. Beata. Mama yake alikuwa mteja wangu, huyu alikuwa anakuja gulioni kunichagulia samaki. Wendelini ameniachia vyumba vitatu, nami nalala kimoja. Usiku nikikohoa hakuna wa kuniuliza nina nini." Akavuta kigoda akaketi, na Hildegardi akiketi ujue pana jambo. "Nisemee kwenye kamati, wifi. Wewe wanakusikiliza."

Nikamwambia nitasema.

Sikusema. Nakuambia ukweli ulivyo. Kamati ilipokaa, Mzee Urbani alilitaja jina lake, mtu mmoja akakohoa, mwingine akasema, "Mama Supu? Huyo mtoto atakula nini?" Wakacheka. Mzee Urbani akasema kwa upole kwamba mtoto anahitaji nyumba yenye mkono wazi, na kama hakuna nyumba nyingine, basi Jumatatu baada ya changizo apelekwe kwenye kituo cha watoto Songea. Si kwamba huko ni kubaya, alisema, wana masista na shule. Nami nilikuwa nimeketi palepale, mdomo huu huu uliojaa maneno kila siku umefungwa kama mlango wa ghala la ushirika. Maana ili nimtetee ilinibidi nisimulie habari ya ile supu yote, na ile supu yote ilinihusu.

Ilikuwa hivi. Wiki ile ya mavuno mama yetu alikuwa kitandani, hali chochote siku ya tano. Mimi binti yake nilikuwa nampelekea ugali na kulalamika kwamba hali. Hildegardi, mgeni wa miezi minne, aliona kuku mezani, akamnunua kwa fedha ya samaki wake, akampikia mkwewe mchuzi. Mama alikunywa bakuli zima, akaomba la pili. Nami nilifika nikakuta sufuria, nikapakuliwa paja. Nilikula paja lile jioni ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi nikamwita Mama Supu. Ndivyo nilivyo. Au ndivyo nilivyokuwa, Mungu ananiona.

Nilipomwambia wifi kwamba kamati imekataa na mtoto anapelekwa Songea Jumatatu, hakuniuliza nani alisema nini. Aliniuliza tu, "Jumatatu saa ngapi?" Nikasema asubuhi. Akaokota kapu lake akaenda.

Changizo lilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, katika darasa la katekisimu. Tulipanga mabenchi, tukapika makande sufuria mbili kubwa, togwa ipo, kwaya ipo. Mgeni rasmi alikuwa mnunuzi wa kahawa, Bwana Praygod, mtu wa Kaskazini, mcheshi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amekwisha kula sahani mbili za makande akasifu mpishi, basi akina mama wote tukampenda papo hapo.

Mnada ulianza jua likiwa bado mlimani. Ndizi ziliuzwa, zikarudishwa, zikauzwa. Koti la mitumba likarudishwa mara nne, na kila aliyelinunua alilijaribu kwanza, wakacheka watu. Bwana Praygod alielewa mchezo haraka, naye akawa anasimama, "Narudisha!" kwa sauti kuliko wenyeji.

Halafu Beata akaja mbele na kuku wake.

Hakuna aliyemtuma. Mke wa katekista aliapa baadaye kwamba hakumwambia neno. Mtoto mwenyewe aliona kila mtu anakwenda mezani na kitu, akaona aibu kuja mikono mitupu kwenye sherehe inayofanywa kwa ajili yake. Akamweka yule kuku wa madoadoa mbele ya Mzee Urbani, miguu imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha buluu, kisha hakurudi kwenye benchi. Alisimama pembeni ya meza.

Watu waliguswa. Kuku wa yatima, jamani! Mikono ilikuwa juu kabla Mzee Urbani hajafungua mdomo. Fundi cherehani akamnunua, akasema narudisha. Mwenye duka akamnunua, narudisha. Mwalimu mkuu, narudisha. Na kila neno hilo liliposemwa, Beata alikuwa ananyoosha mikono yote miwili. Kuku anapita juu ya mikono ile, anawekwa mezani, mtoto anaishusha. Anauzwa tena, narudisha, mikono ile inanyooka tena. Mimi niliona. Nikadhani anataka kusaidia kumbeba. Tuliona sote, tukapiga makofi.

Aliporudishwa mara ya sita Mzee Urbani akasema huyu sasa ni wa mwisho, kuku amechoka. Bwana Praygod akasimama na kalamu zake tatu.

"Elfu tano! Na safari hii sirudishi, wazee wangu. Huyu naondoka naye. Nina safari ya Mbinga mjini na mke wangu anapenda mchuzi wa kuku wa kienyeji."

Watu wakashangilia. Elfu tano kwa kuku ilikuwa habari ya kusimulia. Beata akageuza uso kumtazama, akatazama kuku, akatazama mlango.

"Elfu sita!" Sauti ilitoka nyuma kabisa, nayo haikuhitaji kutafutwa. Hildegardi alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Aa, mama!" Bwana Praygod akacheka. "Elfu kumi."

Hapo vichwa vyote vikageuka nyuma. Najua wifi alikuwa na nini kwenye pindo la kitenge chake, maana asubuhi alinikopesha hela ya chumvi na nilimwona akifungua. Hazikuzidi hizo elfu sita. Akafunga pindo lile upya.

"Siku tano za ngolo. Shamba la watoto."

Mzee Urbani akakuna kichwa. "Mgeni rasmi?"

"Siku moja ya hiyo ngolo ni shilingi ngapi?" akauliza Bwana Praygod.

"Jaribu siku moja, bwana, halafu wewe mwenyewe utupe bei," akasema Mzee Urbani, na darasa zima likaangua kicheko, hata kwaya.

"Haya, elfu kumi na mbili," akasema mgeni, bado anacheka.

"Siku kumi!" akasema Hildegardi. "Peke yangu. Na nyasi nitazifyeka na kuzipanga mwenyewe, kazi ya mwanaume na ya mwanamke."

Ebo! Wanawake tuliguna sote kwa pamoja. Siku kumi za ngolo ni mgongo wa mtu. Kijana mzuri akichimba siku mbili mfululizo, ya tatu anatafuta sababu. Bwana Praygod akainua mikono yote miwili. "Nimeshindwa, mama. Mimi hata siku moja mtaniokota huko mlimani. Chukua."

Mzee Urbani akagonga meza. Kisha, kwa mazoea, akauliza, "Unarudisha?"

"Sirudishi."

Loo! Ungesikia. Mabenchi yalipigwa, vijana wakaanza, "Supu! Supu! Supu!" Mtu akapiga kelele kwamba miaka kumi na minne na bado hajajifunza. Na mimi, wewe unayenisikia, mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka niongeze la kwangu. Mazoea yana taabu.

Hildegardi alishuka kwenye benchi, akapita katikati ya kelele zile na mwendo wake ule ule, akamchukua kuku mezani. Badala ya kwenda mlangoni akachuchumaa mbele ya Beata.

"Ulidhani wanamrudisha kwako?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yamejaa lakini hayajashuka.

"Wanarudisha mezani. Hata mimi sikuwaelewa. Nilikosea palepale ulipokosea wewe." Akamwekea kuku mikononi. "Shika kuku wako."

Sauti yake hakuna mahali haifiki, kwa hiyo tulisikia sote. Kelele zikapungua benchi kwa benchi mpaka ukasikika mvumo wa karabai. Watu tulianza kutazama viatu vyetu. Sisi wenye mila yetu, wenye kupiga makofi, tulikuwa tumemnyang'anya yatima kuku wa mama yake mara sita mfululizo tukiimba.

Nilisimama. Sikupanga kusimama, miguu ilisimama.

"Mzee Urbani, nina neno."

"Kuhusu mnada?"

"Kuhusu supu." Wengine wakacheka kidogo. "Ile supu ya mwaka ule hakula Hildegardi. Alimpikia mama yangu, alikuwa kitandani, hali chochote. Mama akainuka. Na paja, paja nililila mimi."

Unajua aibu ikitoka nje inavyokuwa? Nilidhani watanizomea. Kumbe nilipata pumzi kama mtu aliyetua debe la maji kichwani.

Mzee Urbani akanigeukia. "Tadea. Miaka kumi na minne ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, mzee, nikicheka na ninyi."

Hakunikemea. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, na nikaona kwamba hata yeye ana paja lake mahali. Akamgeukia mtoto.

"Beata, mjukuu wangu. Jumatatu kuna gari la Songea. Na hapa kuna huyu mama. Sisi wakubwa tumekosea leo, hatutaki kukosea tena. Unataka kwenda wapi?"

Beata akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, mpaka leo yuko hivyo.

"Kuku anakwenda wapi?"

"Kwangu kuna banda," akasema Hildegardi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti yake haikufika nyuma.

"Basi na mimi."

Waliondoka kabla ya wimbo wa kufunga, mtoto mbele na kuku wake, Hildegardi nyuma na kifurushi cha gauni mbili. Bwana Praygod alitoa zile elfu kumi na mbili hata hivyo, akasema ni za jembe na panga. Machi ilipofika Hildegardi alichimba siku zake, bila kupunguza hata moja. Nilikwenda naye nusu ya siku hizo bila kuitwa, na safu zake bado zilikuwa mbele ya zangu. Safari hii nilimwambia.

Lakini Jumapili ile, asubuhi baada ya changizo, kabla ya misa, nilikuwa jikoni nachochea moto nikasikia hodi. Beata alisimama mlangoni, nywele zimesukwa mistari minne, kazi ya mtu aliyeamka na giza.

"Shikamoo, shangazi."

Nikasahau kuitikia. Wendelini hakuacha mtoto, na katika boma lile hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu kwema?"

"Kwema. Mama anaomba kijinga cha moto." Akajikumbusha, halafu akamalizia haraka kama anayesoma somo. "Na amesema nikuambie, kuku huyu hatachinjwa, kwa hiyo paja usingojee."

Nikamwambia asubiri. Nilienda nyuma ya pazia nikajifuta uso kwanza, ndipo nikampa moto.